Samahani kwa Mvua

Kaka, shikamoo.

Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yenu huko Dongobesh. Umeona nilivyoanza? Ndivyo mwalimu wetu wa darasa la tano alivyotufundisha, fimbo ikiwa mkononi, na sikudhani kama iko siku nitamshukuru. Simu imezimika tangu juzi. Mtandao wenyewe unashika sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya choo, na jiwe lina foleni. Basi nimemwomba karatasi binti yangu, kanichania katikati ya daftari lake la kuchorea. Ndiyo maana nyuma ya kila ukurasa kuna farasi.

Neno moja kabla sijasonga mbele. Najua utamsomea Mama barua hii kwa sauti, na kama Shangazi wa Katesh amekuja kuchukua mahindi, naye atakuwa amekaa hapo. Kuna mahali nimechora nyota. Ukifika kwenye nyota, kohoa, kunywa maji, ruka.

Tuko likizo. Wiki tatu za mwisho za Julai nchi hii ya Norwei hufungwa kama duka la mfiwa. Ukitafuta fundi, karani au daktari wa meno, utaambiwa subiri Agosti. Wote wamehamia kwenye vijumba vyao vya porini. Nchi ina watu kama milioni 5.5 na vijumba hivyo ni zaidi ya 400,000, na asiye na chake ana cha mjomba wake. Wenyewe wanakiita hytte. Ukimsomea Mama tamka “hita”, ila mweleze kwamba si ile hita ya kuchemshia maji. Ingekuwa hiyo ningefurahi zaidi.

Hita ya wakwe zangu iko Valdres, milimani, mwendo wa saa tatu hivi kutoka Oslo, ukishapita mji mdogo wa Fagernes. Iko kando ya ziwa. Watu wa Valdres maziwa yao makubwa wanayaita fjord, jina ambalo kwingine ni la mkono wa bahari. Fagernes yenyewe iko kwenye Strondafjorden, na hapo hakuna bahari wala harufu yake. Nilipoambiwa mara ya kwanza tunakwenda fjord nilitarajia meli. Nikakuta mtumbwi na ziwa la maji baridi, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Sasa sikiliza. Gari liliposimama nilishuka nikaona ubavu wa kilima, na kwenye ubavu wa kilima nyasi, na katikati ya nyasi bomba la moshi. Kaka, lile ni tembe.

Nimezunguka nyumba mara mbili kuhakikisha. Paa lina udongo mzito, nyasi zimeota, maua ya njano yamechanua, na kuna kimche kimoja cha mti ambacho baba mkwe hataki king'olewe. Chini ya udongo wametandaza magome ya mti wao mweupe wa msituni, hayapitishi maji. Kilichokosekana ni kuku tu. Nikamkumbuka Babu kule Kainam. Tembe lake lilichimbiwa kilimani hata ikabaki inaonekana sehemu ya mbele peke yake, na alituambia kwamba enzi za baba yake Mmasai aliyekuja kuteka ng'ombe angeweza kupita juu ya paa asijue kuwa chini ya miguu yake kuna ukoo mzima umebana pumzi. Halafu wakaja mabwana maendeleo na hotuba za nyumba bora, tembe likawa aibu. Wewe unakumbuka kuliko mimi Baba alivyouza madume mawili tupate bati, na mvua ya kwanza ilivyotua tukawa tunazungumza kwa ishara.

Nilimweleza baba mkwe yote haya. Akafurahi kama mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Akasema paa la udongo lina utulivu, linatunza joto, na siku hizi kulitengeneza ni ghali kuliko bati. Nikamwuliza ghali kiasi gani. Akanitajia. Nikakaa kwenye jiwe.

Ndani hakuna umeme, isipokuwa kisola kimoja kinachowasha taa ya mezani jua likiwepo, yaani wakati taa haihitajiki. Bomba hakuna. Maji yanachotwa ziwani kwa ndoo, na mchotaji ni mimi. Mjini watu hawa wana maji ya moto yanayotoka ukutani mchana na usiku. Hapa mama mkwe ananipokea ndoo mlangoni na kuvuta pumzi kana kwamba nimemletea marashi. Mama atauliza kama wamefilisika. Mwambie hapana, wana afya na wana akiba benki, na hivi ndivyo wanavyopumzika. Asipoelewa usimlazimishe, na hasa asije akaanza kuwaiga baada ya kusubiri nguzo za umeme za REA miaka yote ile. Mimi nina mwaka wa tisa huku na bado napambana.

Kuni ni habari nyingine. Nilipofika tu nilikabidhiwa shoka, nikafurahi, nikasema angalau hapa pana kazi ninayoijua. Nikapasua, nikarundika. Baba mkwe akaja, akalitazama rundo langu kimya kama mwalimu anayesahihisha, kisha akaanza kulipanga upya, kipande kwa kipande. Watu hawa wana elimu ya kuni. Mwaka 2011 mwandishi Lars Mytting alitoa kitabu kizima kuhusu kupasua na kupanga kuni, kikauzika kama njugu, na Februari 2013 televisheni ya taifa, NRK, ikarusha kipindi cha kuni cha saa 12. Saa nne za maongezi. Saa nane za moto unawaka, na mara moja moja mkono wa mtu unaongeza gogo. Walalamikaji hawakukosekana: wengine waligomba kwamba kuni zilipangwa magome yakiangalia juu, wengine kwamba yaliangalia chini. Mama, uliyepika kwa kuni miaka hamsini bila kupigiwa picha hata moja, unisamehe kwa kukuletea habari hizi.

Na jua. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua: linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, hakuna ugomvi. Hapa Julai linazama karibu saa tano usiku na linarudi saa kumi alfajiri, na hapo katikati halijaenda mbali, limejibanza nyuma ya mlima kama mtoto anayecheza kombolela. Ukiwaambia watoto “sasa ni usiku”, wanakuonyesha dirisha. Bibi alitufundisha kwamba Looa, jua, ni mama, na anaona kila tulifanyalo. Huku Mama huyo halali kabisa, na nimekuwa mtu wa adabu ambaye usingemtambua.

Hiyo ni siku jua likionekana. Imetokea mara mbili.

Hali ya hewa ya hapa ni kigeugeu kuliko dalali wa mnadani Katesh. Jumanne tulikunywa chai nje, tumevaa fulana. Kikombe hakijaisha, wingu likavuka mlima, mvua ya mawe ikashuka, punje kama maharage, tukakimbiza vikombe ndani. Tulipoketi jua likatoka. Tukatoa vikombe nje. Ukungu ukaja, ukawa mzito kama ule wa Mbulu mwezi wa sita, hata baba mkwe akawa anamwaga chai kando ya kikombe changu. Ndani. Jua. Nje. Upepo ukachukua kitambaa cha meza ukakipeleka ziwani, nami nikatumwa na mtumbwi kukifuata. Siku ile vikombe vilisafiri kuliko mimi nilivyosafiri mwaka mzima.

Huduma yao ya utabiri, inayoendeshwa na taasisi yao ya hali ya hewa pamoja na NRK tangu 2007, inaitwa Yr. Yr kwa lugha yao ni manyunyu. Fikiria watabiri wetu wa TMA wangejiita Rasharasha, nani angewasikiliza? Lakini hawa wanaiamini kama maandiko. Baba mkwe hupanda lile jiwe la nyuma ya choo kila nusu saa, kisha anashuka na taarifa ya saa inayofuata, na mvua inamkuta njiani. Babu hakuwa na Yr. Alitoka nje, akatazama kusini, na Mlima Hanang ukiwa umevaa kofia ya wingu akasema ingizeni mahindi. Alikosea mara chache, na alipokosea alisema mlima ndio uliodanganya. Yr hii inatabiri hadi kwenu, nikueleze. Juzi baba mkwe alishuka jiweni uso umemshuka, akaniambia kwa wivu: “Katesh, kesho, jua, hakuna wingu.” Nikashindwa kumweleza kwamba Julai hiyo si habari ya kumwonea mtu wivu, na kwamba ng'ombe wa Shangazi wangeipokea hii mvua yake kwa mikono miwili kama wangekuwa nayo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Kila ikinyesha, mama mkwe ananigeukia na kuniomba radhi. “Samahani kwa mvua.” Mara ya kwanza niligeuka nyuma nione anayeambiwa. Mvua, samahani? Kwetu wazee wanasimama kwenye sala ya slufay wakiiomba, na mgeni akiingia nayo anapewa kiti kizuri na kuambiwa amekuja na baraka. Mimi nimekaa siku tisa, imenyesha siku nane, na badala ya kuchinjiwa kondoo napewa pole.

Aliyenipa haki yangu ni bibi wa hita ya tatu. Miaka ya sabini alikuwa muuguzi Haydom, ile hospitali iliyofunguliwa na wamisionari wa kwao mwaka 1955, na Kiiraqw chake ni cha wakati huo, kimehifadhiwa vizuri, hakijaguswa na nondo. Akizungumza nafumba macho namsikia Bibi yetu. Alikuja na koti la mvua, akajikung'uta mlangoni kama kuku aliyeloa, akanyoosha kidole juu na kusema “tluway!”, yaani mvua, huku anacheka, halafu mbele ya wakwe zangu wote akanishukuru kwa Kiiraqw kwa kuwaletea mvua. Mama mkwe akauliza amesemaje. Akatafsiri. Pakawa na kimya kifupi. Tangu siku hiyo nadhani wananishuku.

Wana msemo wao: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya. Kwa hiyo mvua si kisingizio cha kukaa ndani. Nilivalishwa sweta ya sufu aliyoifuma mama mkwe, na chini yake fulana ya sufu, na chini zaidi, Kaka, pia sufu. Inawasha kama upupu. Lakini ameifuma msimu mzima wa baridi akinifikiria mimi, basi najikuna kwa heshima, nimegeukia ukuta. Tukiwa tumejihami hivyo tulipanda mlima kwenye mvua kwenda kutazama mandhari. Kileleni tulitazama ukungu. Baba mkwe akaninyooshea kidole: kule, siku njema, unaiona Jotunheimen, milima mirefu kuliko yote ya nchi hii, na mrefu wao, Galdhøpiggen, una mita 2,469. Nikatikisa kichwa kwa adabu kuelekea ule weupe. Sikumtajia kwamba Hanang una zaidi ya mita 3,400 na Shangazi anauona akiwa jikoni. Ni mwenyeji wangu, si vizuri. Nilijizuia mpaka chakula cha jioni.

(Nyota. Kohoa.)

Mama mkwe anaoga ziwani kila asubuhi. Maji hayajafika hata nyuzi 14. Anashuka na vazi la kuogelea, ananikuta njiani na ndoo zangu mbili, na anasimama kunisalimia kwa kirefu, nimelalaje, watoto wamelalaje. Kwetu mkwe ukikutana naye njiani unainamisha macho na kumpisha. Nitampishaje, kushoto ziwa, kulia mwamba, mikononi lita arobaini? Natazama ndoo. Ananiuliza kama maji yana tatizo. Nikaamua kuchota saa kumi na moja alfajiri kabla hajaamka. Nikamkuta. Jua lilimwamsha.

Choo kiko hatua hamsini kutoka nyumbani, cha shimo kama chetu, mlango una tundu lililochongwa umbo la moyo. Ukutani wamebandika picha ya Mfalme Harald na Malkia Sonja. Kwetu picha ya mkuu wa nchi inakaa ofisini, na ukiipeleka chooni utaitwa ujieleze. Huku ni desturi ya hita nyingi, tena ni mapenzi. Lakini hilo si la ajabu. La ajabu ni kwamba choo kina matundu mawili. Mawili, bega kwa bega, kwenye ubao mmoja, bila ukuta katikati. Siku ya tatu nimekaa zangu na Mfalme na Malkia, mlango ukafunguka, akaingia baba mkwe na gazeti. Akanitakia asubuhi njema. Akakaa. Akanipa ukurasa wa michezo.

Sijamwambia mke wangu.

(Nyota imekwisha. Endelea.)

Chakula ni kizuri. Soseji, viazi, jibini la kahawia lenye utamu wa kashata, na uji mzito wa krimu iliyochacha, siagi ikielea juu, ambao Mama angeuelewa bila mkalimani. Nilipika ugali juu ya jiko la kuni. Watoto wakasema una moshi. Nikawaambia hiyo ndiyo chumvi yake.

Kuvua samaki kunahitaji kibali. Unanunua kadi kwa wenye ziwa, ya siku au ya wiki. Watoto ndio wanaovua bure. Basi kisheria binti yangu wa miaka tisa ndiye mvuvi na mimi ni mbeba minyoo. Alipata trauti mmoja, akakataa tumle, akampa jina, tukamrudisha. Nikakumbuka likizo zile kwa Mjomba kule Basotu, mimi na wewe tunarudi na perege kwenye kamba, viboko wanakoroma ng'ambo, na hakuna aliyetudai kadi isipokuwa Mama, ambaye hakuwa akidai kwa mdomo.

Jioni hiyo baba mkwe aliwaonya watoto wasiende ukingoni peke yao, maana humo ziwani anaishi Nøkken, anayevuta wazembe chini. Mchoraji wao Theodor Kittelsen alimchora: macho mawili tu, juu ya maji meusi. Mke wangu alinionyesha picha hiyo kitabuni, nikafunga kitabu. Kaka, ni Netlangw! Ndivyo Bibi alivyotuambia kuhusu Ziwa Tlawi na kila chemchemi iliyonyamaza kupita kiasi. Nikawasimulia. Watoto wakasogea karibu, wakwe wakasogea karibu, mvua ikapiga dirisha, na kwa mara ya kwanza nikaona hita hii ni nyumba. Baba mkwe akauliza Netlangw wanataka nini ili wamwachie mtu. Nikasema zamani wazee waliwapelekea kondoo. Akatafakari. Akasema Nøkken hana gharama hiyo, ukimtaja jina lake tu nguvu zinamwishia. Nadhani ndiyo maana wao wana akiba benki.

Sasa hii msomee kila mtu, haina nyota.

Usiku wa Ijumaa mvua iliacha mchezo. Ilianza saa sita, nzito, ya kuchapa, haikupumzika. Nilisifu paa la udongo kwa utulivu wake; usiku ule utulivu huo ulinitisha. Bati linakupigia kelele unajua mvua iko juu yako. Chini ya tembe unaisikia nyuma yako, kilimani, inatembea. Nikalala macho wazi nikiwaza Katesh. Nilikuwa huku ile Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Hanang ilipomeguka kwa mvua, na tope na mawe na magogo yakashuka Gendabi, Jorodom na katikati ya mji. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nilikuwa nimesimama jikoni nampigia Shangazi, hapatikani, nampigia, hapatikani, nimevaa koti kana kwamba naweza kutoka nikaenda, mpaka ulipotuma ule ujumbe wako wa maneno mawili: “Shangazi yupo.” Sijaufuta hadi leo. Nimebadilisha simu mara mbili, nimehama nao.

Nikavaa mabuti, nikachukua tochi. Nje nikakuta tochi nyingine. Baba mkwe, koti la mvua juu ya nguo za kulalia za sufu, anamulika kijito kinachoshuka kando ya nyumba. Hakushtuka kuniona. Akasema neno moja: “Hans.” Hilo ni jina la dhoruba iliyowapiga Agosti ya mwaka ule ule wa 2023, mito ikafurika, daraja la reli kule Ringebu likaporomoka, bwawa la umeme la Braskereidfoss likabomoka. Nikamjibu: “Hanang.” Sijui kama alijua ninachosema. Akanisogezea sepetu.

Maji yalikuwa yameanza kuacha kijito na kukatiza kuja nyuma ya ukuta. Yeye alitaka kupanga mawe kuyaziba. Hapo nikasahau ukwe. Nikamwambia, mzee, ukiyazibia yatakuja na mawe yako, tuyaonyeshe njia. Babu aliishi na miteremko ya Kainam maisha yake yote, na wataalamu wametoka mbali kuja kutazama jinsi watu wa huko Irqwa Da'aw wanavyolima kilima bila kilima kuwahama: tuta linakatisha mteremko, mfereji unapokea maji na kuyateremsha pembeni polepole. Nikachora mshazari kwa kisigino cha buti, si mkali, usije kuwa korongo, si bapa, yasije yakatuama. Nikachimba. Sepetu lao lina mpini wa kuchimbia maua, nilitamani jembe langu la Dongobesh hadi nikalitaja kwa sauti. Baba mkwe akawa anatupa udongo upande wa chini nilikomwonyesha. Mara mbili alitaka kunyoosha mstari uwe mzuri. Nikamkatalia. Mimi, Kaka, nilimkatalia baba mkwe, na akasema “sawa”.

Saa tisa mama mkwe akatoka na kuanza kubeba mawe. Mke wangu akafuata. Bibi wa Haydom akaona tochi kutoka kwake, akaja na chupa ya kahawa na maneno ya Kiiraqw ambayo sikuyatarajia kwa muuguzi wa misheni. Msaragambo ukakamilika. Wenyewe wanauita dugnad, na kama ulivyo wetu, asiyefika anakumbukwa kuliko aliyefika. Hita ya pili hawakuwasha hata taa, na habari hiyo imeshavuka ziwa.

Saa kumi maji yaliingia mferejini, yakasita, yakageuka, yakashuka ziwani. Jua likachomoza hapo hapo, mvua ikiendelea kunyesha. Nikawaambia, kwetu ikiwa hivi tunasema simba anazaa. Mama mkwe akageuka kutazama msituni.

Tangu hapo hajaniomba samahani tena. Imenyesha jana, imenyesha leo, anatoka tu mlangoni, anatazama mfereji, anarudi ndani ameridhika. Baba mkwe ameupangia mawe kingo zote mbili, yakilingana kama kuni zake, na ameupiga picha tisa.

Sasa dhumuni la barua hii. Wanakuja. Januari, wote wawili, wiki mbili. Baba mkwe anataka kuiona miteremko ya Kainam na kulala kwenye tembe la Babu. Mama mkwe anataka kuoga ziwani. Nimemwambia Balangida ni chumvi na Basotu ina viboko, akaniuliza viboko wanaoga saa ngapi. Wanataka kuchota maji kwa ndoo, kupika kwa kuni, na kukaa gizani jioni. Wanasema hawataki kuwasumbua, wanataka maisha ya kawaida.

Nimeona picha ulizotuma za nyumba yako. Bati la damu ya mzee, vigae sebuleni, choo cha ndani cha kuvuta, na hita ya maji, hita ya kweli. Hongera sana, tumekaa tukaitazama kwa fahari. Usiwaonyeshe. Tembe la Babu kama ukuta bado umesimama, wekeni fito na udongo mapema, vuli iuoteshe nyasi. Main swichi mwambie Mama aizime tukiwa njiani Magugu, nitapiga simu.

(Nyota.)

Na kile choo cha zamani nyuma ya zizi, uliposema utakifukia mwezi wa nane, nakuomba kisifukiwe. Tafuta picha ya Rais, ya fremu nzuri, uiweke sebuleni, ISIWE KULE, nitamweleza baba mkwe mwenyewe. Halafu, Kaka, kama yule fundi wako hajaondoka, mwulize tundu la pili atachaji shilingi ngapi.